Bora Aitwe Bora: Mwanafunzi wa Kikorea na Jina la Kiingereza Darasani

Utangulizi

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba jina jema hung'ara gizani. Wakorea nao, ambao tumetengana nao kwa bahari na mabara, wana methali yao: simbamarara akifa huacha ngozi, binadamu akifa huacha jina. Methali hizi mbili hazikuzaliwa katika nyumba moja, lakini zinakubaliana kwamba jina ni mali ya mtu inayodumu kuliko mwili wake. Ikiwa hivyo ndivyo, basi ni haki kuuliza: kwa nini mtoto wa miaka tisa jijini Seoul aingiapo katika darasa la Kiingereza aliache jina lake mlangoni, ajitwalie jina la Kevin, Jenny au Daniel, kisha alichukue tena lake saa ya kurudi nyumbani?

Huenda msomaji akashangaa swali hili linatuhusu vipi sisi tusomao na kufundisha Kiswahili. Ninazo sababu mbili za kulileta hapa. Kwanza, kwa muda wa miezi michache nilipata kusaidia kufundisha Kiswahili cha mwanzo kwa kikundi kidogo cha Wakorea waliokuwa wakiishi Nairobi. Orodha niliyokabidhiwa ilikuwa na safu mbili za majina: la Kikorea upande mmoja, la Kiingereza upande wa pili. Aliyenikabidhi alinishauri niongeze safu ya tatu, ya majina ya Kiswahili: Baraka, Neema, Zawadi, Tumaini. Alinishauri kwa nia njema kabisa, na ilinibidi niamue. Pili, Kiswahili si lugha ya Afrika Mashariki pekee tena. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni, kilichoko Seoul, kimekifundisha tangu miaka ya 1980. Wengi miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamewahi, au watawahi, kusimama mbele ya mgeni anayejifunza lugha yetu. Neno la kwanza watakalomwambia litakuwa jina lake. Watamwita nani?

Jina la Mkorea limebeba nini

Kabla ya kupima kama kitu kinafaa kuwekwa kando, ni busara kukijua. Jina la Mkorea huanza na jina la ukoo, kisha hufuata jina la kupewa, ambalo kwa kawaida huwa na silabi mbili. Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2016, si Bwana Ki-moon bali ni Bwana Ban. Majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi. Katika sensa ya 2015, watu wapatao 21 katika kila 100 waliitwa Kim, 15 waliitwa Lee na 8 waliitwa Park. Kwa hivyo majina matatu tu yanabeba karibu nusu ya taifa.

Hata hivyo, Kim si mmoja. Kila jina la ukoo hugawika kulingana na mahali pa asili ya ukoo wenyewe. Wapo akina Kim wa Gimhae, wapo akina Kim wa Gyeongju, na hawa si jamaa. Zamani jambo hili lilikuwa na uzito wa kisheria, kwani watu wenye jina moja la ukoo na asili moja hawakuruhusiwa kuoana. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka wa 1997 kwamba katazo hilo halipatani na katiba, na sheria ikarekebishwa mwaka wa 2005. Sisi ambao katika jamii zetu nyingi bado tunaulizwa ukoo kabla ya kuulizwa mahari tunaielewa habari hii bila mkalimani.

Jina la kupewa nalo lina siri zake. Katika familia zifuatazo desturi, silabi moja hutumiwa na ndugu na binamu wote wa kizazi kimoja, hivi kwamba anayezijua nasaba akisikia jina hujua mwenyewe ni wa kizazi kipi. Majina mengi huandikika kwa herufi za Kichina, na kila herufi ina maana iliyochaguliwa na wazazi, na pengine na babu, baada ya mashauri marefu. Wazazi wengine huchagua maneno asilia ya Kikorea: Haneul ni anga, Seulgi ni hekima, Areum ni uzuri.

Zaidi ya hayo, jina hilo halitamkwi ovyo. Mkorea hamwiti mkubwa wake kwa jina la kupewa. Humwita mwalimu, kaka, dada, au kwa cheo chake cha kazini. Mama aliyezaa mtoto aitwaye Minsu huitwa mama Minsu, kama ambavyo kwetu pwani na bara mzazi huitwa Mama Amina au Baba Juma. Akilazimika kulitaja jina la baba yake, Mkorea mwenye adabu hulitaja silabi moja moja, akitia neno dogo la heshima baada ya kila silabi, kama mtu abebaye chombo cha kaure kwa mikono miwili. Miongoni mwetu wapo wasioweza kumtaja mkwe kwa jina. Hawatahitaji kuelezwa maana ya uangalifu huo.

Hoja za wanaotetea jina la Kiingereza

Itakuwa dhuluma kuwachora watetezi wa majina ya Kiingereza kama watu wasiojali. Hoja zao zipo, na baadhi yazo zina nguvu.

Hoja ya kwanza ni ya wepesi. Kiingereza kilifanywa somo la lazima katika shule za msingi za Korea Kusini kuanzia darasa la tatu mwaka wa 1997, na kando ya shule za serikali kuna vituo vingi vya masomo ya ziada, viitwavyo hagwon, ambako watoto huenda jioni. Mwalimu atokaye Kanada au Australia hukutana na mamia ya watoto kwa juma. Majina yao ni mageni masikioni mwake, na mengi yanafanana. Jina la Kiingereza humrahisishia kazi.

Hoja ya pili ni ya kujikinga. Baadhi ya silabi za Kikorea, zikiandikwa kwa herufi za Kirumi, hushabihiana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya bunduki, makalio au mambo mengine yachekeshayo. Mtoto hapendi kuchekwa. Afadhali ajichagulie jina lisilocheka na mtu.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi kama mwanafunzi wa isimu. Nimekwisha kusema kwamba Kikorea hupanga watu kwa umri na cheo. Lugha hiyo humlazimu msemaji achague kiwango cha heshima katika kila kitenzi anachotamka. Mtu aliyelelewa katika mfumo huo akiingia katika darasa la lugha ngeni hujikuta amebeba mzigo wote: anamwogopa aliyemzidi umri, anaogopa kukosea mbele ya aliye mdogo wake. Jina jipya humpa vazi la mchezo. Kevin anaweza kukosea sarufi bila Minsu kuaibika. Wataalamu wa ufundishaji wanalijua jambo hili tangu zamani. Mbulgaria Georgi Lozanov, mwasisi wa mbinu iitwayo sajestopedia, aliwapa wanafunzi wake majina mapya na maisha mapya ya kubuni ili kuivunja hofu yao. Hata nje ya darasa, kampuni ya Kakao ya Korea Kusini imejulikana kwa desturi ya wafanyakazi kuitana kwa majina ya Kiingereza, ili kijana aweze kumpinga mkuu wake kikaoni bila kujikwaa katika ngazi za vyeo.

Hoja hizi sizipuuzi. Nazikubali kiasi, kisha nauliza: ni nani aliyelipa gharama ya wepesi huo?

Gharama ya wepesi

Tuanze na mwalimu asemaye kwamba majina ya Kikorea ni magumu. Mwalimu huyo huyo anamtaka mtoto atamke sauti za Kiingereza ambazo hazimo kabisa katika Kikorea: f, v, z, na sauti mbili ziandikwazo th. Anamtaka atofautishe l na r, ambazo katika Kikorea ni fonimu moja. Mtoto anatokwa jasho kwa miaka kumi akiusaka ulimi wa mwalimu. Mwalimu naye anashindwa kujifunza silabi mbili za mtoto. Darasa la lugha ni mahali ambapo watu hukubaliana kwamba ulimi hufundishika. Mwalimu anayejiondoa katika mkataba huo siku ya kwanza amekwisha kufundisha somo ambalo halimo katika silabasi, yaani kwamba ulimi wa kunyooshwa ni wa mmoja tu.

Tuendelee na hoja ya kicheko. Ni kweli kwamba majina mengine huchekesha masikio ya wageni. Lakini mwanafunzi aendaye ng'ambo atabeba pasipoti, na ndani ya pasipoti hamna Kevin. Siku moja atasimama mbele ya afisa wa uhamiaji, au mbele ya jopo la usaili, na ataulizwa jina lake linatamkwaje na lina maana gani. Ni wapi alipojifunza kulijibu swali hilo kwa Kiingereza, ikiwa katika miaka yote ya masomo jina hilo lilikuwa likingoja mlangoni? Kujitambulisha ndilo somo la kwanza la kila kitabu cha lugha. Tukimfundisha mtu kujitambulisha kwa jina lisilo lake, tumemfundisha kumtambulisha mtu mwingine.

Wakorea wenyewe wanalijua fumbo la majina haya. Katika filamu ya Parasite ya mwongozaji Bong Joon-ho, iliyotoka mwaka wa 2019 na kushinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka wa 2020, kijana maskini Ki-woo anaingia katika nyumba ya kitajiri kama mwalimu wa Kiingereza, na mama mwenye nyumba anampa jina la Kevin. Dadake Ki-jung anaingia kwa jina la Jessica, akidai kwamba amesomea Marekani. Jina la Kiingereza pale si jina tu. Ni cheti cha tabaka, na kwa kuwa ni cheti kisichohitaji muhuri, kinaghushika kwa urahisi. Tukicheka ukumbini tunacheka kwa sababu tunajua kwamba yule mama hangemfungulia mlango Ki-jung kwa wepesi aliomfungulia Jessica.

Jeraha la mwaka wa 1940

Wapo watakaosema: hili ni jina la saa moja tu, la mchezo. Mbona mnalikuza? Jibu ni kwamba Korea si nchi isiyo na kumbukumbu. Japani iliitawala tangu 1910 hadi 1945. Mwezi wa Novemba 1939 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kubadilisha majina, iliyoanza kutumika Februari 1940. Wakorea walitakiwa kusajili majina ya ukoo ya Kijapani katika kipindi cha miezi sita. Kwenye karatasi, usajili huo uliitwa wa hiari. Muda ulipokwisha, takriban asilimia 80 ya kaya zilikuwa zimesajili. Hiari inayofuatwa na kaya nane katika kila kumi chini ya macho ya polisi ni hiari ya jina tu. Baada ya ukombozi, amri ya Oktoba 1946 iliwarudishia Wakorea majina yao.

Kabla hata ya amri hiyo, ulimwengu ulikuwa umekwisha kuona mfano wake. Mwaka wa 1936, katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin, mbio za marathoni zilishindwa na Mkorea Sohn Kee-chung. Lakini alikimbia akiwa na bendera ya Japani kifuani, na jina lake liliandikwa Son Kitei, yaani herufi zile zile za jina lake zikisomwa kwa matamshi ya Kijapani. Alipoombwa saini huko Berlin, alitia saini kwa herufi za Kikorea. Gazeti la Dong-A Ilbo lilichapisha picha yake baada ya kuifuta bendera kifuani mwake, na serikali ya kikoloni ikalifungia kwa miezi kadhaa. Miaka 52 baadaye, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul ya 1988, mzee huyo aliingia uwanjani akibeba mwenge, na safari hii aliitwa Sohn Kee-chung.

Habari hii ya Sohn inatusaidia sisi wanaisimu kuepuka jibu jepesi. Tungeweza kusema kwamba kulitohoa jina ni halali ilhali kulibadilisha ni haramu, maana Kiswahili chenyewe kimetohoa majina mengi: Yusufu, Hamisi, Petro, Yohana. Lakini Kitei lilikuwa utohozi. Herufi hazikubadilika, matamshi tu ndiyo yaliyobadilika, na bado liliuma. Kwa hiyo tatizo halimo katika sauti peke yake.

Sisi pia tumeitwa

Afrika haina haja ya kukopa mfano huu kutoka Asia. Mandela alizaliwa akiitwa Rolihlahla. Jina la Nelson alilipewa siku yake ya kwanza shuleni na mwalimu wake, bila yeye kuuliza na bila kuelezwa sababu. Rais wa kwanza wa Kenya alizaliwa Kamau wa Ngengi, akawa Johnstone baada ya ubatizo wa 1914, kisha akajiita Jomo katika jalada la kitabu chake cha 1938. Riwaya za Ngũgĩ wa Thiong'o za miaka ya 1960 zilitoka kwa jina la James Ngugi, naye akaliacha jina la James alipoona kwamba halikuwa lake. Aliaga dunia mwaka wa 2025 akijulikana duniani kote kwa jina la baba yake.

Hao ni watu mashuhuri, na mashuhuri huweza kujirudishia majina kwa kalamu. Watu wa kawaida hawana jalada la kitabu. Nyanya yangu mzaa mama aliandikishwa katika shule ya misheni, na mwalimu akasema kwamba jina lake la kuzaliwa haliandikiki. Akapewa jina lililokuwa rahisi kuandika. Jina hilo likaingia katika kitambulisho, katika kadi ya hospitali na katika daftari la kanisa. Nyumbani, hata hivyo, hakuna aliyelitumia. Alipofariki, tangazo la kifo lilisomwa redioni kwa jina la kitambulisho, na wazee wa kijiji alichozaliwa, waliocheza naye utotoni, wakalisikia na kuendelea na shughuli zao. Hawakujua ni nani aliyekufa. Wawili walifika siku tatu baada ya mazishi, na mmoja wao alimwuliza mama yangu swali ambalo sijaweza kulisahau: "Mbona hamkututangazia?" Mama alijibu kwamba walitangaza. Mzee akasema, "Mlimtangaza nani?"

Nalisimulia jambo hili kwa sababu linaonyesha kazi halisi ya jina. Jina ni kamba inayomfunga mtu na wale wanaomjua. Ukiikata kwa ajili ya wepesi wa daftari, daftari litapendeza, lakini siku ya haja watu hawataonana.

Nani ameshika kalamu?

Je, nitangaze basi kwamba jina la kigeni ni sumu siku zote? La hasha. Nina mwanariadha mwingine wa marathoni anikatazaye kusema hivyo. Wilson Loyanae Erupe alizaliwa Turkana. Alishinda marathoni ya Seoul mara nne, na mwaka wa 2016 alikimbia huko kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 13. Mwaka wa 2018 alipata uraia wa Korea Kusini akachukua jina la Oh Joo-han. Oh ni jina la ukoo la kocha wake Oh Chang-seok, aliyemlea katika riadha kama mwanawe. Joo-han lina maana ya kukimbia kwa ajili ya Korea. Kwa jina hilo alikimbia katika Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 2021.

Tuwaweke wakimbiaji hawa wawili bega kwa bega. Sohn alibaki na herufi zake zote, akabadilishiwa matamshi tu, akaumia maisha yake yote. Loyanae alibadilisha kila silabi, na jina jipya likawa kumbukumbu ya mapenzi kati ya kocha na mwanafunzi. Ukipima kwa ukubwa wa mabadiliko, utashindwa kueleza. Ukiuliza ni nani aliyeshika kalamu, kila kitu kinaeleweka. Mkatoliki wa Korea aitwaye Andrea au Maria kanisani hajapoteza kitu. Andrew Kim Taegon, kasisi wa kwanza Mkorea, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka wa 1846, anakumbukwa kwa majina yote mawili, hakuna lililomfukuza mwenzake.

Basi jibu langu kwa swali la mada ni hili. Mwanafunzi wa Kikorea anayelipenda jina lake la Kiingereza, aliyelichagua mwenyewe na kujisikia huru ndani yake, aitwe kwa jina hilo bila kusumbuliwa. Kumlazimisha atumie la Kikorea kwa jina la uzalendo ni kumnyang'anya kalamu mara ya pili. Lakini desturi ya kumtaka kila mtoto ajitafutie jina la Kiingereza kabla hajafungua kinywa, ati kwa sababu mwalimu hawezi lake, haina utetezi. Tena, mtoto wa miaka tisa aambiwaye "chagua" kutoka katika orodha ya majina ishirini, yote ya Kiingereza, hajachagua. Angekuwa amechagua kama katika orodha hiyo lingekuwamo pia lake.

Katika darasa la Kiswahili

Narudi kwenye ile safu ya tatu niliyoshauriwa kuiongeza. Sikuiongeza. Badala yake niliuliza kila mmoja swali moja lenye sehemu mbili: unaitwa nani, na ungependa tukuite nani? Wengine walisema jina la Kikorea, wengine la Kiingereza, na mmoja aliomba mwenyewe jina la Kiswahili kwa sababu alitaka kulitumia sokoni. Nililichukua kila jibu jinsi lilivyokuja.

Katika kazi hiyo niligundua kwamba Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Majina mengi ya Kikorea hutamkika kwetu bila taabu: Minsu, Yuna, Sumi, Jiho, kila irabu ikisomwa jinsi ilivyoandikwa. Ni kweli kwamba zipo irabu mbili, zile ziandikwazo eo na eu, ambazo hatunazo, na ipo mipumuo ya konsonanti inayohitaji sikio. Lakini hata hiyo si migeni kwetu. Msemaji wa Kimvita au Kiamu hutofautisha paa wa porini, mwenye mpumuo, na paa la nyumba, lisilo na mpumuo. Mkorea aliyelelewa na tofauti za namna hiyo huweza kuisikia haraka kuliko mwanafunzi wa bara aliyesoma Kiswahili sanifu vitabuni.

Zaidi ya hayo, yapo majina ya Kikorea ambayo ni maneno ya Kiswahili. Bora ni jina la kike, na maana yake ni rangi ya zambarau. Nari ni ua aina ya nyinyoro, ilhali kwa washairi wetu nari ni moto. Hana ni moja. Na lipo jina la kike la kawaida kabisa ambalo ni Jina. Mwalimu mvivu ataona hapa sababu ya kuwabatiza upya, ili darasa lisichanganyikiwe. Mimi naona hapa somo la sarufi lililojiandaa lenyewe. Kiswahili humtambua mtu kwa upatanisho, si kwa umbo la neno. Tunasema jina halijafika, lakini Jina hajafika. Nari inawaka jikoni, lakini Nari anawaka kwa hasira. Na sentensi "Hana hana kalamu" ni sahihi kabisa, na yeyote atakayeieleza vyema ameielewa ngeli ya kwanza kuliko kwa kukariri majedwali matatu. Mwanafunzi aliyegundua kwamba jina lake lina maana katika lugha anayojifunza hutabasamu kama mtu aliyefika ugenini akakuta ameandaliwa kiti.

Kuhusu hoja ya hofu na vyeo, ambayo nilikiri kwamba ina nguvu, Kiswahili kina dawa yake bila kumvua mtu jina. Tunazo nyongeza za heshima. Bi Yuna, Bwana Minsu, Mwalimu Kim, Ndugu Park: hapo mkubwa ameheshimiwa na mdogo hakudharauliwa, na kila mmoja amebaki yeye. Mchezo wa kuigiza nao una nafasi yake. Mwanafunzi awe Mzee Hamisi muuza samaki kwa dakika kumi, ajifunze kupatana bei, kisha avue vazi hilo. Mhusika wa mchezo hujulikana kuwa ni mhusika. Jina la rejista ni jambo jingine.

Hitimisho

Methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ajaye kujifunza lugha yetu ametuletea, pamoja na ada na madaftari, silabi mbili au tatu ambazo babu yake alizikalia kikao. Kwetu sisi walimu wa Kiswahili, wajukuu wa watu walioambiwa kwamba majina yao hayaandikiki, kuzijifunza silabi hizo ni wajibu mdogo wenye faida kubwa. Tunapoomba Kiswahili kifundishwe Seoul, Beijing na London, tunaomba kwamba watu wa huko wazinyooshe ndimi zao kwa ajili yetu. Sisi nasi tuzinyooshe zetu.

Nawasihi basi wanachama wenzangu ambao mwaka huu watakwenda mazoezi ya kufundisha, wawe watafundisha Mkorea, Msudani au mtoto wa kijiji cha jirani: siku ya kwanza msiwape wanafunzi majina. Waulizeni. Rudieni jina mara ya pili na ya tatu mpaka mwenyewe atikise kichwa kukubali. Akisema anaitwa Bora, basi bora aitwe Bora.